Moyo Nyuma ya Shuka

Zamani mkamwana akimwona baba mkwe wake anakuja aliacha njia na kujibanza kwenye mtama mpaka mzee apite, na siku hizi wanakaa kochi moja, wanatazama tamthilia moja, na rimoti inapita kati yao kama kibakuli cha chumvi.

Mzee Paschal Mayige hakuwa na kochi wala hakulitaka. Alikuwa mkulima wa pamba na mpunga katika kijiji kilicho kando ya barabara ya Bariadi kwenda Lagangabilili, na mambo mengi ya siku hizi yalimpita kama magari yanavyompita mtu anayechunga ng'ombe barabarani: kwa vumbi na kwa kelele. Mwanawe Method, mwalimu wa shule ya msingi, alipomleta nyumbani mke aitwaye Debora, mzee alifanya kama baba yake alivyofanya. Hakumtazama usoni. Hakula mbele yake. Kabla ya kuingia uani alikohoa kwa mbali ili binti apate muda wa kujifunga khanga vizuri. Akiwa na neno la kumwambia alilipitisha kwa mkewe, Milembe, hata kama Debora alikuwa amesimama palepale na ufagio mkononi.

"Milembe, mwambie mama huyo kwamba ndama ameingia kwenye mchicha."

"Debora, baba yako anasema ndama ameingia kwenye mchicha."

"Nimesikia, mama. Naenda."

"Anasema amesikia," Milembe alimalizia, akimgeukia mumewe kama karani wa mahakama.

Wakaishi hivyo kwa amani. Debora alikuwa binti wa mjini Maswa, alivaa suruali akienda kazini, na siku za mwanzo mzee alimnung'unikia kwa sababu ya hiyo suruali. Lakini kila asubuhi Debora alipiga goti uani, uso ameuelekeza kando, akasema "Mwangaluka, baba," na mzee, naye akitazama kando, akajibu "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama. Wazee wenzake walimwonea wivu. Wakamwana wao walikuwa wanawapungia mkono.

Shida ilikuwa moja. Debora alikuwa tabibu wa kituo cha afya cha kata yao. Ndiye aliyesikiliza vifua vya watu wote wa pale, wenye kifua kikuu, wenye pumu, watoto wenye homa. Na kifua cha Mzee Mayige kilikuwa kibovu.

Kilikuwa kibovu tangu ujana, ila mwenyewe hakujua. Alikua wakati shamba la pamba lililimwa na kikundi kizima, ngoma mbele, majembe yakipanda na kushuka pamoja, na aliyebaki nyuma aliimbwa palepale mpaka ajute kuzaliwa. Paschal alikuwa na mikono ya nguvu, lakini jua likipanda pumzi ilimwisha kabla ya wenzake. Alitafuta njia ya kijanja. Akajifunza ngoma. Mpiga ngoma halimi. Anatembea kinyumenyume mbele ya mstari na kuwatazama wengine wakitoka jasho. Akawa mpigaji hodari, akasifiwa hadi Sola na kwingineko, na hakuna aliyemuuliza kwa nini hashiki jembe.

Sasa hakuna ngoma. Vijana wanabeba pampu mgongoni, wananyunyizia magugu dawa, masikioni wamechomeka nyaya, kila mmoja na wimbo wake ambao jirani hausikii. Shamba limekuwa kimya kama ofisi. Ngoma yenyewe iko juu ya dari ya Mzee Mayige, na kuku mmoja hutagia ndani yake.

Ngoma ilipokufa mzee alibaki na plau. Alikuwa na maksai wawili, Meneja na Karani, na kwa muda mrefu walimvuta yeye kuliko yeye alivyowaswaga. Halafu miaka hii ya karibuni kitu kilianza. Akipanda tuta, akibeba mzigo, akiharakisha kidogo kumkimbiza ndama, kifua kilibana kama mtu amekifunga kamba na anaikaza kwa mti. Akikaa chini kamba ililegea. Usiku, akilala ubavu wa kushoto, alisikia kifuani kitu kama mashine ya kusaga iliyo kijiji cha pili.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Akitaja kifua, wangesema mara moja: mkamwana wako si yuko? Na huko kwa mkamwana angetakiwa kufungua vifungo vya shati. Baba mkwe kumvulia shati mkamwana wake, tena yeye amguse kwa mikono kifuani. Mzee Mayige aliona afadhali kufa kuliko hilo, na hakuwa anatia chumvi.

Basi akaanza kuugua tumbo.

Alikwenda Bariadi mjini kwenye duka la dawa akasema tumbo. Alikwenda hadi Maswa, siku ya mnada, akamwona daktari asiyemjua, akasema tumbo, linachoma hapa, akaonyesha chini ya mbavu, mbali na mahali penyewe. Daktari akabonyeza tumbo juu ya shati na kumpa dawa za vidonda. Mzee alizimeza kwa uaminifu. Alikatazwa pilipili, akaacha. Alikatazwa maharage, akaacha, akakonda. Kamba kifuani haikujali maharage.

Msimu wa mvua za kwanza alikuwa shambani, Meneja na Karani mbele, plau mkononi. Katikati ya mstari kamba ikakaza kuliko siku zote. Aliona shamba likiinama. Akaachia plau, akakaa kwenye udongo mbichi, mkono umeshika kifua. Maksai walihisi plau imekuwa nyepesi, wakasimama wenyewe. Karani aligeuza kichwa kumtazama, na mzee baadaye alisema kuwa yule ng'ombe alionyesha adabu kuliko vijana wengi.

Jirani yake, Dastan, ambaye ni mtani wake tangu utoto, alimkuta hapo.

"Paschal, unaatamia nini?"

"Tumbo."

"Tumbo lako limehamia kifuani lini?"

Mzee aliuondoa mkono kifuani na kuushusha tumboni, lakini alichelewa. Nyuma ya Dastan, kwenye njia ya kutoka kituoni, Debora alikuwa amesimama na mkoba wake begani. Aliona mkono ulipokuwa. Akageuza uso kando, kama inavyotakiwa, akaenda moja kwa moja jikoni kwa Milembe.

Jioni ile Milembe hakupika mapema. Aliketi kwenye kigoda mbele ya mumewe.

"Baba Method, mkamwana wako anasema si tumbo."

"Anajuaje?"

"Anasema mtu wa tumbo hujikunja. Wewe ulinyooka ukashika kifua. Anaomba akusikilize."

"Mwambie namshukuru. Nitakwenda kwa daktari mwingine."

"Mwingine umekwenda mpaka viatu vimeisha soli. Umekwenda na ugonjwa wa uongo, ukapewa dawa ya uongo."

"Sivui shati mbele ya mke wa mwanangu."

"Utakufa na vifungo vyako."

"Nife nimevaa."

Method alijaribu kwa upande wake, kwa maneno ya shuleni. "Baba, kazini yeye si mkweo. Ni daktari. Akivaa koti jeupe..."

"Akivaa koti jeupe anakuwa mtoto wa nani? Akilivua usiku anarudi kulala nyumba ya nani? Wewe mwalimu, koti linaondoa ukoo?"

Siku zilizofuata mzee hakwenda shambani. Alikaa barazani, midomo ina rangi ya majivu, na hata kufika zizini alipumzika njiani. Watu wote wa nyumba ile walijua kwamba wanamtazama mtu anayekufa kwa sababu ya shati, na aliyejua zaidi ni yeye mwenyewe. Aliogopa. Aliwatazama Meneja na Karani wakifunguliwa na mtu mwingine, akaona uchungu. Lakini kila alipopeleka vidole kwenye kifungo cha juu aliwaona baba yake na babu yake wamekaa mbele yake, kimya, wakingoja kuona atafanya nini.

Debora ndiye aliyepata njia, na hakuipata kwenye vitabu vyake. Jumapili, baada ya misa, Milembe alimwita mzee chumba cha ndani. Kamba ilikuwa imefungwa ukuta hadi ukuta, na shuka zito la kitandani limetundikwa mpaka chini. Upande wa huku kulikuwa na kiti.

"Kaa," Milembe alisema. "Yeye yuko upande wa pili. Hakuoni wala humwoni. Atapitisha kile chombo chini ya shuka, utakishika mwenyewe, utakiweka mwenyewe."

Mzee alilitazama shuka kwa muda. Aliligusa, akapima uzito wake kwa vidole, akalivuta kuona kama nuru inapenya. Haikupenya.

"Nani kasema tufanye hivi?"

"Yeye. Anasema ikiwa heshima ni kutoonana, basi hatutaonana."

Mzee akakaa, akafungua vifungo vyote. Chini ya shuka ukatokea mkono, kiganja kimefunguliwa, ndani yake kikopo kidogo cha chuma chenye mpira. Akakichukua bila kugusa vidole. Chuma kilikuwa baridi.

"Mama," sauti ya Debora ikatoka upande wa pili, karibu sana, kwa kuwa mpira wa stetoskopu haukuwa mrefu, "mwambie baba akiweke kushoto, karibu na mfupa wa katikati."

"Anasema uweke kushoto, karibu na..."

"Nimesikia."

"Kama umesikia, mimi niko hapa kufanya nini?"

"Ndiyo utaratibu."

"Mwambie asogeze juu kidogo, mama."

"Anasema usogeze juu."

"Nasogeza."

"Hapo. Asipumue."

"Usipumue."

Nje kuku alikuwa anatangaza yai lake, bila shaka lile la ndani ya ngoma. Mzee alishikilia pumzi mpaka macho yakamtoka. Ndani ya masikio ya Debora kulikuwa na kitu alichokuwa amekisoma chuoni na hajawahi kukisikia. Moyo wenye mlango mbovu hutoa sauti kisha hunyamaza, hutoa kisha hunyamaza. Huu haukunyamaza. Ulivuma pigo hadi pigo bila kupumzika, kama maji yanayopita mahali pembamba mchana na usiku.

"Apumue," alisema. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aingie katika nyumba ile, hakupitia kwa Milembe. "Baba, hili si tumbo, na si la kungoja."

Milembe alifungua kinywa ili aupeleke ujumbe, akakifunga. Mzee alilitazama shuka. Akajibu kwa mdomo wake mwenyewe.

"Mayu, ni nini?"

"Nadhani kuna mshipa ndani ya moyo wako umeungana na mahali usipotakiwa. Damu inavuja humo kwa humo. Mwanza wana mashine ya kuona. Twende."

"Nadhani," alisema, na hilo ndilo mzee alilolipenda. Wengine wote waliompa dawa za tumbo walikuwa na hakika.

Walikwenda Mwanza, yeye na Method. Huko wapimaji walimpaka kifuani mafuta baridi na kupitisha kipimo, na kwenye kioo moyo wake ukaonekana ukirukaruka kama chura ndani ya ndoo. Mpimaji aliita mwenzake, mwenzake akaita mkubwa wao. Mshipa mmoja kati ya ile inayolisha moyo wenyewe ulikuwa umevimba kuliko kawaida, na karibu yake rangi zilionyesha damu inakwenda pasipo njia. Wakamwandikia rufaa ya Dar es Salaam, kwenye hospitali ya moyo, na bima ya Method ikawafikisha.

Huko walimlaza ndani ya mashine yenye umbo la pete, wakamchoma dawa iliyompitishia joto mwili mzima, ikachora mishipa yote. Daktari aliyemhudumia, mtu mfupi wa maneno machache, alimgeuzia picha aione.

"Huu ndio mshipa, mzee. Umezaliwa nao hivi. Hapa umechipuza tawi, tawi limetoboa kwenye chumba cha moyo cha upande wa kulia. Damu iliyotakiwa kulisha nyama ya moyo inakimbilia huku kwenye njia rahisi. Ukifanya kazi, moyo unadai chakula, na chakula kimeshamwagika."

Mzee aliitazama picha. Alikuwa na majaruba ya mpunga kwenye mbuga ya chini, na hilo alilielewa kuliko kitu chochote alichoambiwa na serikali tangu azaliwe.

"Panya ametoboa tuta," alisema.

"Samahani?"

"Maji unayafungulia juu ili yaingie jaruba la kwanza. Panya ametoboa tuta pembeni. Maji yanatoka, yanakwenda kujaa kwenye dimbwi lisilopandwa kitu. Mpunga wako unakauka huku unasikia maji yanalia."

Daktari alifikiri kidogo. "Ndivyo kabisa. Mkamwana wako alisikia yakilia."

"Na mnaziba?"

"Tunaziba. Hatupasui kifua. Tunapitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa mpaka kwenye tundu, tunaachia humo waya laini unaojikunja wenyewe kama kiota. Damu inaganda hapo, tundu linafunga. Utakuwa macho."

"Mnaingilia wapi?"

Daktari akaonyesha nyonga yake mwenyewe.

Mzee Mayige alirudi nyuma hatua moja. Na siku ya shughuli, yeye aliyegoma kufungua vifungo vya shati, alivuliwa kila kitu na wauguzi wawili wasichana wasiojua hata jina la ukoo wake, wakamnyoa pale wanaponyoa, huku wanazungumza habari za harusi ya mwenzao. Hakuna aliyetazama kando. Alilala akitazama taa, akajiambia kwamba hawa si wakwe zake, hawa ni kama mvua, mvua haina ukwe. Lakini alikumbuka lile shuka, na akamthamini mtu aliyelitundika.

Alisikia sindano, kisha msukumo, kisha hakusikia kitu ila sauti za mashine. Daktari aliachia waya. Wakangoja. Wakachoma ile dawa tena wakatazama. Tawi halikuonekana.

"Tuta limezibwa, mzee," daktari alisema, na Mzee Mayige, ambaye alikuwa amelala uchi mbele ya watu wasiomjua, alicheka.

Alirudi nyumbani mvua zikiwa zimeshika. Alikatazwa plau kwa muda, akatii kwa kunung'unika. Kisha siku moja akawafunga Meneja na Karani, akalima mstari mmoja, akageuka, akalima wa pili, akingoja kamba kifuani. Kamba haikuja. Dastan alikuwa amesimama kwenye mpaka wa mashamba.

"Umefika mwisho bila kuatamia?"

"Nenda kalime kwako."

"Sasa utapiga ngoma kwa kisingizio gani?"

Mzee akasimamisha maksai. Kumbe huyu mjinga alijua siku zote. Akacheka, akaendelea, na jioni aliteremsha ngoma darini, akamwondoa kuku, akaipiga kidogo tu uani. Hakuna kijana aliyekuja na jembe. Wawili walikuja na simu, wakamrekodi. Hata hivyo alikula vizuri usiku ule, maharage tele.

Baada ya mavuno barua zao za uhamisho zikaja, Method na Debora, mkoa wa Mtwara, kusini kabisa. Usiku wa kuamkia safari Milembe aliona kamba imefungwa tena chumba cha ndani, na shuka limetundikwa. Safari hii alilitundika mzee mwenyewe. Debora akakaa upande wake, akapitisha mkono chini, mzee akapokea kikopo cha chuma na kukiweka mahali pake bila kuelekezwa. Milembe aliketi katikati, mikono mapajani.

"Mayu, unasikia nini?"

"Mapigo tu, baba."

"Ule mvumo?"

"Haupo. Kimya kati ya pigo na pigo."

Milembe alitingisha kichwa. "Na mimi mmenifukuza kazi."

Asubuhi waliwasindikiza stendi ya Bariadi. Basi lilikuwa linanguruma, makondakta wanapakia magunia na magodoro. Debora alikuwa na ile suruali yake. Katikati ya watu, kwenye lami, akapiga goti, uso kando. "Mwangaluka, baba." Wasichana wawili waliokuwa wanauza karanga walicheka. Mzee alitazama kando, upande wa choo cha stendi, akajibu, "Mwangaluka, mayu. Mwende salama." Method akamkumbatia, jambo ambalo halikuwepo zamani, na mzee akalivumilia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Wakapanda. Mzee akabaki amegeukia choo, kwa sababu heshima ilimtaka hivyo, na aliposikia gia inaingia akajua kuwa akiendelea hivyo atakuwa ameagana na ukuta. Akageuza shingo. Alitazama dirisha moja kwa moja, kwa macho mawili, mbele ya watu.

Pazia la dirishani lilikuwa limevutwa. Debora ameshalivuta, kwa heshima ileile. Method alikuwa anapunga mkono kutoka mlangoni. Basi likaanza kusogea, na chini ya pazia ukatokea mkono, kiganja kimefunguliwa. Mzee alitembea nalo hatua kadhaa, haraka, kifua hakikubana, akaugusa ule mkono kwa vidole vyake. Kisha basi likashika njia ya Maswa. Tangu hapo huwasikia kwenye simu tu, na hiyo ndiyo mara ya mwisho aliyowaona.